Nimesomea sanaa ya magemu chuo kikuu, sasa niko zangu Tanga: wazazi na vijana, someni kabla hamjauza kiwanja

Chumvi_ya_Raskazone (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi jioni nilisimamishwa Ngamiani, barabara ya 9, na mama mmoja aliyenijua tangu natembea pekupeku. Salamu hazijaisha akanitupia swali: "Mwanangu, si wewe uliyesomea magemu huko Uingereza? Huyu wangu kamaliza kidato cha sita, kutwa yuko na simu anapiga watu risasi. Nami nimpeleke akasomee?" Bajaji ilikuwa inanisubiri, nikamjibu kijuujuu, "Mpeleke tu mama, kozi nzuri." Nilipofika nyumbani moyo ukanisuta. Yule mama anaweza kuuza kiwanja kesho kwa neno langu lile moja.

Basi naandika hapa nilichopaswa kumwambia pale.

Kupenda kucheza gemu si dalili ya lolote. Wapo watu Tanga hii wanakula pweza tangu wana meno ya utoto na hawajui hata pa kumshika akiwa hai. Darasani kwetu wale walioingia kwa kuwa ni wachezaji hodari, wengi mwaka wa pili walishahama kozi.

Halafu watu wanachanganya mambo matatu. Yuko mbunifu wa mchezo: huyu anapanga kanuni, mchezaji ana roho ngapi, adui atokee wapi, kwa nini ngazi ya tano iwe ngumu kuliko ya nne. Yuko mwandika programu, huyo na hesabu zake. Na tuko sisi wasanii. Kila kinachoonekana kwenye kioo, kuanzia uso wa shujaa hadi jiwe ambalo hakuna atakayelitazama mara mbili, kuna mtu alikaa akalitengeneza. Vyuo vingine vinafundisha moja tu kati ya hayo, vingine vinachanganya, na jina la kozi halikwambii. Soma orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho kabla hujalipa hata senti.

Wala si elimu ya juzi. Chuo Kikuu cha Abertay, pale Dundee, Scotland, kilianzisha shahada ya magemu ya kompyuta mwaka 1997. Wengi wetu humu tulikuwa bado tunasukuma matairi.

Mimi muhula wa kwanza mzima sikugusa gemu. Tulichora. Mikono, viti, masanduku yanayopungua kadiri yanavyokwenda mbali, mikono tena. Kuna na somo la kuchora mtu aliyesimama mbele ya darasa bila nguo. Mimi mtoto wa madrasa ya Chumbageni nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikachora kisigino. Wiki ya pili nikachora kisigino cha pili. Mwalimu akanijia taratibu akaniambia visigino vyangu sasa vimekomaa, nipande juu kidogo. (Mama yangu hajui habari hii hadi leo, na kama unamjua, nyamaza.)

Kazi ya kwanza ya kompyuta ilikuwa sanduku la mbao. Sanduku tu. Nikaona wamenidharau. Nikalijenga kwa saa mbili, nikalipaka uchafu na mikwaruzo pande zote sita, nikapeleka kifua mbele. Alama nilizopata zilinifanya nisipokee simu ya kaka yangu wiki nzima, na kaka ndiye mlipa ada. Mwalimu hakugusia kompyuta hata kidogo. Aliniuliza: hili sanduku wamelibeba kina nani? Wamelishika wapi? Mvua imelipiga upande upi?

Sikuwa na jibu. Ila usiku ule nikakumbuka baiskeli ya marehemu babu. Rangi ilikuwa imelika pale tu paja linapopita. Kengele iling'aa mahali pa dole gumba, kwingine kote nyeusi. Kutu ilianzia kwenye maungio, maji yanapotuama, ikashuka chini kama machozi. Nikalirudia sanduku kwa jicho hilo. Tangu hapo sijawahi kutembea mji huu kwa amani. Nikipita zile nyumba kongwe za enzi ya Mjerumani naona chokaa imebanduka zaidi upande unaokula upepo wa bahari, na chini, futi mbili tatu kutoka ardhini, pana mstari wa unyevu unaopanda. Kaka yangu alilipa ada yote ile nikafundishwe kutazama kutu.

Nimemaliza la kwanza. Ulizeni.

Pweza_Mkavu

Nimeshatandika mkeka. Mgosi endelea, ila usitufiche bei.

Fundi_Makorora

Kaka, mimi ni fundi cherehani, magemu siyajui. Mwanangu yuko kidato cha tatu, anajifunza mwenyewe kwenye Blender, ile programu ya kujengea watu na vitu kwenye kompyuta. Juzi alinionyesha mtu aliyemtengeneza, kisha akabonyeza pahala yule mtu akafunguka akalala chapa kama vitambaa nilivyokwisha kuvikata. Nikashtuka, maana ilikuwa kama meza yangu ya kazi. Ni kitu gani kile?

Chumvi_ya_Raskazone

Dada, wewe umeshaelewa kuliko wanafunzi wengi. Ni kukata nguo, ila kwa kinyume. Wewe una kitambaa bapa unataka kimkae mtu mwenye mabega na makalio. Sisi tunaye mtu tayari, tunataka tumvue ngozi, tuitandaze bapa ili tuipake rangi, kisha tumvike tena. Menya chungwa la Muheza, jaribu kulaza ganda lake mezani bila kulichana: halilali. Lazima ukate mahali. Ujuzi wote uko hapo, ukate wapi. Na jibu ni lako la kila siku, mshono unafichwa. Chini ya kwapa, ndani ya paja, nyuma ya sikio. Mshono ukipita katikati ya uso, hata rangi uipakeje, mtu ataonekana kashonwa.

Niongeze jambo ambalo ndilo linalotutenga na watu wa filamu. Mtengeneza katuni za sinema akitaka, kompyuta yake ikae saa nzima inapika picha moja, hakuna anayesubiri. Gemu linachora picha 60 kwa sekunde moja. Yaani kila picha, na bahari yake na kivuli chake na manyoya ya simba wake, ina milisekunde 16 na kidogo, basi. Kwa hiyo kila kitu ni bajeti. Tunajenga umbo mara mbili: moja lenye mamilioni ya vipande, kila tundu la ngozi liko humo, na jingine jepesi la vipande elfu chache. Kisha tunalichukua lile zito, tunapiga chapa ya mabonde na milima yake, tunaivisha lile jepesi. Mwanga ukipita juu yake jicho linaamini kuna mkunjo, kumbe ni bapa kama sahani. Hata picha ya rangi ina adabu yake, idadi ya vitone kila upande: 512, 1024, 2048. Ukitoka 1024 kwenda 2048 hujaongeza mara mbili, umeongeza mara nne, kwa sababu imekua kwa urefu na kwa upana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaka kila kokoto 4096, halafu anashangaa mashine inalia kama jenereta.

Mwanao yuko kidato cha tatu na anajua kukata mshono? Mwache, usimguse.

Mgosi_wa_Korogwe

Hadithi tamu. Sasa tuje kwenye ugali. Nani anaajiri msanii wa magemu Tanga? Bandari? Kiwanda cha saruji? Umesoma Uingereza na umerudi Raskazone kutazama kutu. Mimi naona ni hasara iliyovikwa suti.

Chumvi_ya_Raskazone

Mgosi, umeuliza vizuri ingawa umeuliza kwa shari. Hakuna anayeajiri Tanga. Hata mmoja. Nilitafuta kule nilikosoma, nikatuma maombi mpaka nikaacha kuyahesabu. Nilimaliza wakati mbaya, maana mwaka 2023 na 2024 kampuni za magemu duniani ziliachisha kazi maelfu ya watu, na wale wenye miaka kumi ya uzoefu wakawa wanapigania nafasi zilezile ninazopigania mimi. Viza ikafika mwisho, nikafunga begi.

Kinachonilisha leo ni nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu yuko Oman au Dar, ana kiwanja Pongwe, ana ramani ya fundi ambayo haioni kichwani. Ananitumia, namjengea nyumba nzima kwenye kompyuta, namtembeza sebuleni, jua la saa kumi linaingia dirishani, namwekea hadi mwembe uani. Ni kazi ileile ya gemu, bajeti ileile, mwanga uleule, ila hakuna adui. Kuna mzee mmoja aliiona nyumba yake akaghairi choo palepale, akasema kumbe mlango ungetazamana na wageni. Kwa pembeni natengeneza vitu vidogo, majahazi, matenga, milango, nauza mtandaoni kwa wanaojenga magemu. Mwezi mwingine inaingia hela ya maana, mwezi mwingine ya vocha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ilistahili ada ile ya mwanafunzi wa kigeni, nitakwambia hapana. Si kwa bei ile. Ufundi nisingeuachia, lakini kwa ninavyojua sasa ningekaa hapahapa mwaka mmoja au miwili kwanza. Blender ni bure tangu mwaka 2002, watu wa kawaida walipochanga euro 100,000 ili iwe mali ya kila mtu. Krita ya kuchorea ni bure. Godot, injini ya kujengea gemu iliyoanzishwa na jamaa wawili wa Argentina, ni bure kabisa. Unreal, injini nyingine ya magemu, unaitumia bila kulipa, wanakudai asilimia 5 gemu lako likishaingiza zaidi ya dola milioni moja, na siku hiyo nitawalipa huku nacheza mchiriku. Ubaya wake Unreal inakula makumi ya gigabaiti kuishusha, bando litalia.

Kazi hii hawaulizi cheti kwanza. Wanauliza potifolio: leta kazi zako kumi bora, na moja mbaya kati ya hizo inazichafua tisa. Chuo kinakupa miaka mitatu ya kuijenga ukiwa na mtu wa kukwambia ukweli. Huo ukweli ndio ghali, programu si ghali.

Kete_Sitini_na_Nne

Vijana, mie mzee wenu, nimesoma uzi huu nimesomewa na mjukuu. Nyinyi mnasema kubuni mchezo ni elimu ya Dundee. Bao mnaliweka wapi? Mashimo 32, kete 64. Kila mtu anaanza na kete 10 tu ubaoni, 6 zimo nyumba, lile shimo kuu, 2 na 2 pembeni yake, na 22 amezikamata mkononi. Kwanza mnanamua, kete mojamoja inashuka, hakuna aliyefilisika mapema. Mkono ukiisha ndipo mnaingia mtaji, na hapo huruma imekwisha. Nani alifundishwa chuo hiyo?

Chumvi_ya_Raskazone

Shikamoo mzee wangu. Laiti ungekuwa umekaa darasani kwetu siku ile. Kulikuwa na somo la kanuni za mchezo, tukaambiwa kila mtu alete mchezo mmoja auchambue. Wenzangu walileta vitu vya kompyuta. Mimi nilichora bao ubaoni kwa sababu sikuwa nimejiandaa, nasema ukweli, nikaanza kueleza nyumba: kwamba una kete nyingi pahala pamoja na wewe mwenyewe unaamua uile au uilinde. Somo zima likaishia hapo. Mwalimu alichokipenda ni hizo kete 22 za mkononi, kwamba mchezo unakuingiza polepole, unakujengea mali, kisha unabadilika sura bila kubadili ubao. Akasema kuna watu wanalipwa mishahara kutafuta njia ya kufanya hivyo.

Nami mzee, aibu yangu: nilieleza vizuri lakini kulicheza nafungwa na watoto.

Kete_Sitini_na_Nne

Marahaba. Njoo, tutakufunga na sisi.

Binti_wa_CIVE

Naomba nichangie kwa wanaodhani lazima upande ndege. Mimi niko Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna shahada ya multimidia na animesheni pale CIVE, ndaki yetu ya mambo ya kompyuta. Si kozi ya magemu, nisije nikasingiziwa. Unapata kuchora, video, animesheni ya pande tatu, na programu kiasi chake. Magemu nayafanya mwenyewe usiku na wenzangu wanne. Lakini niko nyumbani, nimeomba Bodi ya Mikopo kama wengine, na nikikosea mwaka huu sijala kiwanja cha mtu. Na kwa wenye uwezo wa kutoka kidogo, Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, wanafundisha ubunifu wa magemu. Waanzilishi wa kampuni ya magemu ya Nyamakop walisoma pale, na gemu lao la Semblance lilitoka kwenye Nintendo Switch mwaka 2018.

Chumvi_ya_Raskazone

Dada asante, hili nilipaswa kuanza nalo. Hao hao Nyamakop mwaka 2025 walitangaza gemu jingine, Relooted, la kundi la Waafrika wanaoingia makumbusho ya Wazungu kurudisha mali zetu zilizochukuliwa. Na Kameruni kuna Kiro'o Games, wao walitoa gemu la Aurion mwaka 2016. Sisemi kazi zimejaa. Nasema tu kwamba hao wote walichora vya kwao na vikavuka mpaka.

Dunda_Mchongaji

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi nimepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha huku, sanaa za ufundi, kuchora na kuchonga. Kompyuta nimeikuta ukubwani. Kuna siku kijana mmoja alinipa kalamu yake ya kuchongea kwenye kompyuta, ule udongo wa kidijitali, nikachonga kichwa cha mzee kwa muda wa chai. Akaniuliza nimejifunza programu ile lini. Nikamwambia leo, lakini kichwa cha binadamu nakijua tangu 2006. Wazazi, kama mtoto ana mkono, msidharau penseli na mti. Programu zinabadilika kila mwaka, fuvu halijabadilika.

Pweza_Mkavu

Hapo kwenye fuvu nimetoka kuvuta hewa. Ila mbona hamsemi habari ya akili mnemba? Siku hizi mtu anaandika maneno mawili, picha inatoka. Mnafundisha watoto ushonaji wakati kanzu zinajishona.

Chumvi_ya_Raskazone

Swali gumu hili, sitajifanya shujaa. Wachora michoro ya awali, ile ya kumwonyesha bosi wazo kabla kazi haijaanza, wameguswa kweli. Nina rafiki niliyesoma naye, alikuwa bora kuliko sisi sote, leo anachora vitabu vya watoto. Upande wangu wa maumbo, mashine inakupa baiskeli kwa dakika moja, lakini ukiifungua ndani vipande vimesokotana kama nyavu iliyotoka mwambani. Ukitaka gurudumu lizunguke halizunguki, maana gurudumu na fremu ni donge moja. Naitengeneza upya, saa zilezile. Leo. Mwakani sijui, na anayekwambia anajua anakuuzia kozi.

Ninachokiona ni kwamba mashine nayo inapaka uchafu pande zote sita. Kama mimi mwaka wa kwanza. Mteja hajui kwa nini haimkai, anasema tu "mbona kama ya plastiki".

Mgosi_wa_Korogwe

Haya, nimepunguza shari. Mpwa wangu ana laptopu kongwe ya ofisini, RAM gigabaiti 4. Inafaa au naye auze kiwanja?

Chumvi_ya_Raskazone

Inafaa kuanzia. Asishushe Blender mpya, itamgomea. Atafute toleo la 2.79, la mwaka 2017, linavumilia mashine za wazee. Afanye vitu vidogo: kikombe, kibatari, ndoo. Akishaweza kunifanya niamini kwamba ile ndoo imewahi kuchota maji, ndipo mzungumze habari ya mashine mpya. Na akipata hela, aongeze RAM kwanza, kalamu ya kuchorea baadaye, mwonekano wa laptopu mwisho kabisa. Zile taa za rangi kwenye kibodi hazichori.

Barabara9

Broo, shikamoo. Mimi ndiye yule wa mama, wa barabara ya 9. Mama kaletewa uzi huu na shoga yake, kausoma wote, sasa kaninyang'anya simu, hapa naandikia kwa laptopu ya jirani. Kwanza si kila saa napiga watu risasi. Kuna gemu la mpira pia. Pili nina swali, je, kama sijawahi kuchora kabisa? Shuleni nilisoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu.

Chumvi_ya_Raskazone

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa simu, hilo nimekuponza mimi.

Eric Barone, aliyetengeneza gemu la Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi ikatoka 2016, alisomea kompyuta, sanaa alijifundisha. Sura za wahusika wake alizirudia na kuzirudia mpaka zikakaa. Kwa hiyo kutojua kuchora leo si kesi. Kesi ni kama ukikaa saa mbili na kitu kimoja unachoka au unasahau kula. Hilo mimi siwezi kukujibia, na mama yako hawezi.

Tufanye hivi. Kuna baiskeli yoyote pale kwenu?

Barabara9

Ipo ya mjomba, ya kubebea maji. Imechoka sana.

Chumvi_ya_Raskazone

Hiyohiyo. Uichore mara ishirini, siku saba. Usiichore yote kila mara. Siku moja tandiko tu, siku nyingine pale kamba ya madumu inapokwaruza. Jumamosi baada ya adhuhuri niko nyumbani, njoo na daftari. Mwambie mama asiuze kitu chochote mpaka nimeona daftari hilo.

Barabara9

Mama yuko hapa pembeni, anasema ahsante mwanangu, na anauliza penseli au peni?

Chumvi_ya_Raskazone

Penseli, mama. Na raba mfiche.